Gitaa Lililobakia Rangi Tu

Zulfa mwanangu,

Salamu nimeziacha makusudi, maana mie nikianza na salamu sifiki popote. Nianze na jambo lenyewe. Gitaa lako halijawa tayari. Halikuwa likipakwa rangi mwezi uliopita, wala mwezi wa kabla yake, na mie nilijua.

Najua hii si mara yako ya kwanza kuipata habari hii. Umeipata jana kwa fundi Papa Espoir mwenyewe, umesimama katika karakana yake Newtown na mkoba mtupu wa gitaa begani, ukaondoka kabla hajamaliza kukueleza. Lakini kwangu hujaisikia bado. Jana ulipoingia mlangoni na uso ule, nilikuuliza kama umekula. Ndivyo nilivyo, na ndiyo maana nimechukua kalamu.

Uko juu unafunga vitu vyako. Nasikia droo zikisukumwa kwa nguvu kuliko zinavyohitaji. Kesho asubuhi unapanda treni ya Glasgow, na tangu jana jioni hujasema nami ila maneno mafupi ya Kiingereza. Sisi nyumba hii ya Stechford tumebaki wawili tangu baba yako ahamie Leicester, kwa hiyo mmoja wetu akinuna, nyumba nzima imenuna. Nimesogeza pembeni gauni la bi harusi, nimekaa kwenye meza ya kukatia, na ninaogopa. Naogopa utaondoka na yale uliyoniambia jana kwenye ngazi: "Mum, usiniambie kitu tena. Honestly. Sijui kipi cha kweli na kipi umetunga."

Hukupiga kelele. Ungepiga kelele ningejua la kufanya. Ningekukaripia, ungenijibu, tungeishia kulia na kunywa chai. Ulisema taratibu, ukapanda zako juu, na mie nikabaki nimeshika mwiko.

Basi sitakuandikia habari za koti zito, wala za kula, wala za nani wa kukaa naye na nani wa kumkimbia. Hayo umeyasikia mpaka masikio yameota sugu. Nataka kukueleza lile gitaa lilivyotufikisha hapa, tangu mwanzo, na safari hii sitaruka kitu.

Mwanzo ni mkono wako wa kushoto, na wa kwanza kuupiga vita nilikuwa mie. Ulipokuwa mdogo, kila tukikaa kula nilikufunga kipande cha bitana kwenye kiganja cha kushoto ili uzoee wa kulia. Kula ukazoea, maana ulikuwa na njaa. Kuandika ukanigomea. Na lile gitaa la besi la skuli, siku ya kwanza walipokuonyesha jinsi ya kulishika, uliligeuza juu chini ukalipiga hivyo hivyo mpaka mwalimu akakubadilishia nyuzi. Uliponieleza jioni ile nilicheka, lakini moyoni niliona aibu kidogo kwa kile kitambaa. Sijawahi kukwambia.

Ulipomaliza skuli, besi la skuli likarudi skuli. Kule chuo cha muziki Glasgow walikwambia kila mwanafunzi aje na chombo chake. Tukazunguka madukani Jumamosi baada ya Jumamosi, na kila besi la mkono wa kushoto lilikuwa na shingo ndefu kuliko mkono wako. Vidole vifupi hivyo umerithi kwangu, nisamehe. Mwenye duka mmoja akasema la kwako itabidi litengenezwe upya, kwa kipimo. Ukanitazama. Mtoto wa fundi cherehani, kwa kipimo ni neno ulilokua nalo.

Wewe ulishapata jina la fundi mmoja Mzungu kwenye simu, mwenye fomu za kujaza na tarehe za kila hatua. Mie nikasikia kwa mteja wangu kwamba yupo Mkongo, Papa Espoir, anawatengenezea magitaa wapigaji wa makanisani, nyuma ya magorofa ya serikali kule Newtown. Tukaenda. Unakumbuka alivyotupokea? "Karibuni, Mama, muikale, muikale," yaani tukae. Nilipomsikia tu moyo wangu ukatulia. Alikupima vidole kimoja kimoja, akakupima na kiwiko, na bega, akakuuliza unapenda kukaa au kusimama ukipiga. Mie mwenyewe simpimi bi harusi vizuri hivyo. Ukachagua rangi ya kijani. Akasema kabla ya Ramadhani utakuwa nalo. Akachukua kianzio, akatupa soda, na hakuna aliyeandika kitu. Njiani ukaniuliza, "Shouldn't we get something in writing?" Nikakwambia, huyu ni mtu wetu, ukimdai karatasi unamtukana.

Namba ya simu nilimwachia yangu. Ya kwako nilisema haina haja.

Ramadhani ikaingia, ikatoka. Ukataka kumwandikia mwenyewe. Nakumbuka maneno, kwa sababu ulinionyesha kabla ya kutuma: habari, gitaa litakuwa tayari lini, asante. Basi, mstari mmoja. Nilikunyang'anya simu. Nikakwambia mtu mzima haulizwi hivyo, fundi hasukumwi, niachie mie nitajua namna ya kusema naye. Na mie kweli nilidhani najua. Mie ni fundi, Zulfa. Nimewaambia watu limebakia kupiga pasi na kitambaa hakijakatwa. Nimewaambia vimebakia vifungo na gauni liko vipande vinne chini ya meza. Uongo wa mafundi naujua wote, nikauona ni kitu cha kawaida, kama vumbi la chaki. Nikajiambia, mimi nitamwelewa huyu kuliko mtu mwingine yeyote Birmingham hii.

Kumbe kumwelewa kwangu ndiko kulikoharibu. Nilimwandikia hivi: "Hujambo Papa Espoir, natumai mama watoto hajambo, na mwanao Espoir anaendelea na masomo. Tunakukumbuka tu." Gitaa sikulitaja. Nilidhani atajua mwenyewe kwa nini namkumbuka. Akanijibu: "Mama Zulfa, Mungu akubariki, siye tuko bien, unisalimie mtoto." Na yeye gitaa hakulitaja. Baada ya siku nyingi nikatuma nyingine, akajibu nyingine. Ilifika mahali najua mtoto wake wa mwisho ameota jino, najua mke wake amebadilisha kazi, na sijui gitaa lina mwili au halina.

Wewe ulikuwa ukiniuliza kila nikiweka simu chini. "Amesema nini?" Mwanzoni nilikujibu kweli: amesalimia. Ukatoa macho, ukaenda zako. Sikuyapenda yale macho.

Halafu ikaja siku ninayotaka uijue yote. Nilikuwa naweka zipu, na sindano ya mashine ilikuwa imeshanichoma. Simu ikalia, ujumbe wa sauti, mrefu. Papa Espoir safari ile hakusalimia sana. Alisema ubao wa mwili wa gitaa umepasuka ukiwa unakauka. Alisema hana mwingine wa namna ile, anaweza kutafuta na kuanza upya, lakini itachukua muda mrefu, na hawezi kuahidi siku. Au, kama hatutaki, aturudishie fedha zetu ununue jingine. Akamaliza: "Mama, umuulize mtoto anasema nini, kisha uniambie."

Yeye alisema, Zulfa. Mara ile moja alisema wazi kuliko mie nilivyowahi kusema katika maisha yangu. Na mie nikamjibu hapo hapo, kidole kikivuja damu: "Usijali Papa Espoir, fanya taratibu. Mtoto hana neno."

Mtoto alikuwa juu anafanya mazoezi ya vidole kwenye fimbo ya ufagio.

Jioni ukaniuliza kama kawaida. Nilikutazama, ulikuwa umetoka kazini kwenye ile bekari, unga bado uko kwenye nywele, na nilishindwa. Nikasema anakata mwili. Ulivyofurahi! Uliruka pale pale jikoni. Baada ya hapo ikawa rahisi, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka. Wiki nyingine anachonga shingo. Nyingine anaweka nyuzi za kujaribia. Nikafika kwenye rangi, nikakaa hapo, kwa sababu rangi mtu anaweza kuingoja muda mrefu. Limebakia rangi tu. Kijani haikauki upesi, baridi inachelewesha. Nilizungumza mpaka mie mwenyewe nililiona lile gitaa limening'inia pale, linang'aa. Ukawaeleza wenzako. Ukanunua mkoba kwa mshahara wako. Ukakataa lile besi la kuazima ambalo rafiki yako alikupa bure, kwa sababu la kwako lilikuwa linakuja.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kusema, na niliipita. Ungeazima lile la bure ungekwenda kesho na kitu mkononi.

Jana uliniuliza swali jingine, na nililijibu kwa kugonga sufuria. Ulisema, "You never wanted me to have it, did you?" Nimelifikiria tangu jana. Kuna siku nilifurahi halijafika, na nitakutajia siku yenyewe. Mteja mmoja alikuwa anajaribu gauni, hapa hapa mbele ya kioo. Akaniambia, "Nasikia Zulfa anapiga gitaa, lile kubwa la wanaume." Nikacheka, nikasema mambo ya skuli hayo, yatapita. Alipoondoka nilishukuru kwamba hakuna gitaa la kijani limeegemea ukuta la kumwonyesha. Nilishukuru kabisa. Halafu usiku ule ule nikakusikia juu unaimba mistari ya besi kwa mdomo, dum dum, nikajichukia.

Lakini si kwa sababu hiyo nilinyamaza. Ningekuwa sitaki, ningemwambia arudishe fedha, mambo yangekwisha siku ile ile. Nilinyamaza kwa sababu niliona muhali. Niliona muhali kumbana yeye, na nikaona muhali kukuvunja wewe, na nikajipa moyo kwamba huo ndio upendo.

Na mie ndiye mtu ambaye hakustahili kufanya hivyo, maana nilishafanyiwa. Hadithi ya babu yako unaijua nusu. Unajua alifariki kabla hujazaliwa na sikumzika. Nusu iliyobaki sikuwahi kukusimulia, kwa sababu mjomba wako Haji unampenda, na mie nampenda.

Ulikuwa tumboni. Tulikuwa tunakaa Saltley, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na baba yako anafanya kazi zamu za usiku. Babu yako alikuwa anaumwa kule Unguja. Kila nikipiga simu Haji ndiye anayepokea, na kila nikiuliza ananijibu, "Hajambo, kalala." Nikipiga asubuhi kalala, nikipiga jioni kalala. Nikamwambia amwamshe nisikie sauti tu, akasema daktari kataka apumzike. Nikimwuliza kala nini, ananiambia kala uji kidogo. Nikashukuru Mungu kwa ule uji.

Siku moja niko dukani Alum Rock Road, nachagua vitunguu. Mwanamke mmoja wa kwetu, ambaye hata mazoea hatuna, akanishika bega. "Pole dada, Mungu amrehemu mzee." Nikamwuliza mzee gani. Nikaona uso wake unageuka. Akalitazama tumbo langu, akaanza kusema labda amekosea, labda ni mtu mwingine, na kadiri alivyokuwa akisema labda ndivyo nilivyozidi kujua. Babu yako alikuwa ameshazikwa. Hitma imesomwa, watu wamekula, wametawanyika, na mie bado namwulizia uji.

Nilitoka pale na kitunguu kimoja mkononi bila kulipa, mwenye duka hakunifuata.

Haji nilipompata kwenye simu alilia kabla yangu. "Tuliona muhali, dada. Uko peke yako ugenini, na mimba hiyo. Tulisema tungoje ujifungue." Walinipenda, hilo sijawahi kulitilia shaka. Lakini nikwambie kilichofuata. Kwa miaka, kila Haji akiniambia mama hajambo, nilikuwa nakata simu yake na kumpigia jirani. Jirani naye akisema hajambo, nampigia wa pili. Mama alikuwa mzima kweli, anafua, anacheka, na mie huku napiga simu ya tatu. Habari njema zikawa hazina faida kwangu. Haji alikuja kugundua, jirani alimwambia. Hakunilaumu. Alisema tu, "Kumbe hata nikisema kweli." Tuliumaliza ugomvi ule, lakini ilichukua muda mrefu, na bibi yako aliondoka duniani kabla sijaacha kabisa kuwapigia majirani.

Sasa jana ulipozungumza kwenye ngazi, nilijiona mie ndiye ninayezungumza, na aliyesimama jikoni na mwiko ni Haji. Ndiyo maana sikukujibu. Sikuwa nimekudharau, mwanangu.

Unaweza kusema, kama nilivyojisemea mie, hili ni gitaa tu, si kifo. Nilijificha humo mwaka mzima. Lakini wewe hukuniuliza habari za kifo, uliniuliza habari za gitaa, kila jioni, na hilo ndilo ulilokuwa nalo la kuuliza. Ukiniuliza kesho kutwa kama mie ni mzima, utalipima jibu langu kwa kijani ile isiyokauka. Hilo nimelileta mwenyewe ndani ya nyumba hii.

Leo mchana nilikuaga kwamba nakwenda kununua uzi. Uzi ninao tele. Nilikwenda Newtown.

Papa Espoir alikuwa ameinama kwenye benchi yake. Aliponiona alivua kofia, akaanza, "Mama Zulfa, karibu, watu ya nyumba iko..." Nikamkata. Nilisema, "Papa Espoir, gitaa la mwanangu limefika wapi?" Hivyo, bila hujambo, bila habari za watoto. Uso uliniwaka moto. Nadhani sijawahi kumkosea adabu mtu mzima namna ile, na ardhi haikupasuka.

Akanyanyua kitambaa. Kulikuwa na ubao mpya, umechorwa kwa penseli tu, haujakatwa. Na pembeni kulikuwa na shingo. Hiyo imekwisha, Zulfa, hiyo ni kweli, nimeishika. Ni fupi na nyembamba, na nilipoizungusha vidole vyangu vilifika. Akasema, "Njo hii tu, Mama. Ingine yote bado." Nikamwuliza lini. Akasema, "Sijue." Kisha akanitazama, akangoja. Nilijua anachongoja. Alikuwa anangoja nimwokoe, niseme usijali, na neno lenyewe lilishafika kwenye ulimi. Nililimeza. Ilikuwa kazi ngumu. Kulikuwa na redio ndogo inaimba na sikusikia hata wimbo mmoja.

Mwishowe akasema yeye. "Mama, mi nilikuambia siku ile ubao imepasuka. Ulinijibu mtoto hana neno. Nikasema, ah, hawa watu iko wazuri sana, nitawafanyia kazi ya kupita zote. Kisha ukatuma salamu. Ukatuma ingine. Kila nikiona jina yako ku simu nasikia honte, haya, haya mingi. Nawaza, uyu mama ananiuliza bila kuniuliza. Njo maana nilinyamaza. Afazali ungenitukana."

Afazali ungenitukana. Mwaka mzima nilikuwa namtumia dua na yeye anazipokea kama vijembe. Ningekuachia ule mstari wako mmoja, habari, lini, asante, angekujibu. Alinieleza hivyo mwenyewe. Nilikaa kwenye kigoda chake, naye akakaa ukingoni mwa benchi, watu wazima wawili wenye lugha moja.

Halafu akauliza, "Donc niendelee ao niache?"

Mdomo wangu ulifunguka, Zulfa. Nilikuwa na jibu zima tayari, na lilikuwa jibu zuri: endelea, tutangoja, atatumia la kuazima kwa sasa. Nilishakupangia mpaka Krismasi. Nikaufunga. Nikamwambia, "Gitaa si langu. Mpigie mwenyewe." Nikamwandikia namba yako kwenye ule ubao, kwa penseli yake.

Akaitazama namba. "Anasafiri kesho. Nimuambie nini mi? Mama, atalia."

"Na alie," nikasema.

Sijui kama umewahi kunisikia nikisema neno hilo juu yako. Mie sijawahi kujisikia. Wewe ukianguka nilikuwa nakunyanyua kabla goti halijagusa chini, na ukilia nakuziba mdomo kwa biskuti. Nilitoka pale, nikapita kituo cha basi bila kukiona.

Atakupigia kesho ukiwa njiani. Sikumfundisha maneno na sikumwomba alainishe. Pengine atajikanyaga, pengine ataanza kukuuliza habari za mama na habari za chuo, maana na yeye ni mtu wetu. Akizunguka, mkatie. Muulize kwa njia yako. Ukitaka fedha zirudi mwambie, ukitaka kungoja mwambie, na ukitaka kumkasirikia ana masikio. Mie sitakuuliza mmesemaje. Nitataka sana kuuliza, lakini nitashona.

Kuhusu sisi wawili, nilitaka kukuahidi kwamba kuanzia sasa nitakwambia kweli tupu. Nimeiandika ahadi hiyo mara mbili na nimeikata mara mbili. Siiwezi yote kwa mkupuo. Miaka yote hii nimejifunza kumfunika mtu blanketi kabla hajasema ana baridi, na mkono utanitoroka tena, utaona. Utakapouona, nikate kama nilivyomkata Papa Espoir. Nitakasirika, halafu nitarudi nyuma nianze upya.

Ninachoweza ni kukupa moja la leo, ambalo hukuniuliza. Wiki nzima nimekwambia nimefurahi unakwenda. Nimewaambia wateja, nimemwambia Haji, nimepika pilau, nimekuchekea. Si kweli. Kila ukiteremsha begi kwenye ngazi nawasha cherehani nisilisikie. Nimeogopa nyumba hii bila wewe tangu siku ilipofika barua ya chuo, na siku ile niliruka na wewe jikoni kwa furaha, na nusu ya kule kuruka nilikuwa natunga.

Sitaki uende, Zulfa.

Nenda.

Mama yako